Nyonga Ikiuma Ghafla Johannesburg: Usiridhike Haraka na "Ultrasaundi Iko Safi"

Tuseme ni Jumapili asubuhi mtaani Yeoville, mwezi wa Julai. Kijana wa miaka 27, aliyelala mzima, anaamka na kushindwa kuteremka kitandani. Maumivu yako kwenye kinena cha kulia, ndani kabisa, mahali ambapo kidole hakifiki. Akilikunja goti kidogo na kuugeuzia mguu nje anapata nafuu. Akiunyoosha anapiga kelele. Hakuanguka, hakucheza mpira. Wenzake wa chumbani wako watatu na kila mmoja ana tiba yake. Wa kwanza anachemsha maji amchue. Wa pili anafungua begi na kutoa amoksilini iliyokuja nalo kutoka nyumbani. Wa tatu anasema ni baridi ya Joburg tu, itapita.

Huenda wa tatu akawa amesema kweli. Maumivu mengi ya nyonga kwa watu wa chini ya miaka 50 ni ya misuli na kano, au ya uvimbe wa muda ndani ya kiungo unaoisha wenyewe. Shida ni kwamba lipo tatizo moja lisilosubiri: kiungo kuingiliwa na bakteria na kujaa usaha. Usaha ndani ya nyonga huanza kula gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa, katika muda wa siku chache. Gegedu likishaliwa halioti tena, na kijana wa miaka 27 anabaki na nyonga ya mzee. Kwa macho, hali hizo mbili zinaweza kufanana kabisa siku ya kwanza.

Hapo ndipo kipimo cha ultrasaundi kinapoingia, na ndicho nilichotaka tukizungumze. Wengi wetu tunakijua kama kipimo cha wajawazito. Kwenye nyonga kinafanya kazi moja vizuri sana, na kazi nyingine hakiwezi kuifanya kabisa. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kurudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa kwamba hakuna tatizo, huku tatizo liko palepale.

Nyonga haivimbi ukaiona

Goti likijaa maji kila mtu analiona. Linavimba, unalibonyeza, daktari anachoma sindano pembeni na kuyavuta. Nyonga iko tofauti. Kichwa cha fupa la paja kimekaa ndani ya kikombe cha mfupa wa kiunoni, na juu yake kuna misuli minene, mafuta, mshipa mkubwa wa damu na neva ya paja. Inaweza kujaa usaha na ngozi ya nje ikabaki kama kawaida, haina wekundu wala uvimbe. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa kirahisi kwamba amelala vibaya.

Eksrei nayo haisaidii sana siku ya kwanza. Inaonyesha mifupa, na mfupa huwa bado mzima. Maji yaliyojaa kwenye kiungo haiyaonyeshi kwa uhakika.

Ultrasaundi inatumia mawimbi ya sauti yaliyo juu mno kwa sikio la binadamu. Sikio letu linakomea kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Mashine ya hospitali inatumia mamilioni. Kifaa cha mkononi kinatuma sauti mwilini na kusikiliza mwangwi unaorudi. Majimaji hayarudishi mwangwi, hivyo kwenye kioo yanaonekana meusi. Uso wa mfupa unarudisha karibu sauti yote, kwa hiyo unaonekana kama mstari mweupe mkali, na nyuma yake ni giza. Hakuna mionzi, jambo linalowafariji wajawazito na wanaopanga kuzaa.

Ukiingia chumbani unalala chali, mguu umenyooka kadiri unavyoweza na vidole vimelegea kuelekea nje. Unapakwa jeli ya baridi kwenye kinena. Mpimaji anakilaza kifaa sambamba na shingo ya fupa la paja na kutafuta mfuko unaofunika kiungo upande wa mbele, kwa sababu maji yakiwepo hujikusanya hapo. Kisha anapima nafasi iliyopo kati ya mfupa na mfuko huo. Kwa mtu mzima, nafasi ikizidi takriban milimita 7, au upande unaouma ukiuzidi mwenzake kwa zaidi ya milimita 1, wataalamu wengi huhesabu kwamba kuna maji. Kwa hiyo ni lazima apime nyonga zote mbili. Akipima moja tu, mwombe kwa upole apime na ya pili.

Kina dada, na kina kaka pia: kipimo hiki kinahitaji kuvua suruali au sketi. Una haki ya kuomba shuka, kuomba mpimaji wa jinsia yako kama yupo, na kuwa na mtu wako chumbani. Kanga ndani ya mkoba haina uzito. Mtu aliyebana misuli kwa aibu hupimika kwa shida, na picha yake huwa mbaya.

Kazi ya sindano

Mashine inaonyesha kwamba maji yapo, lakini haisemi ni maji gani. Usaha, damu na majimaji ya uvimbe wa kawaida vyote vinaweza kuonekana vyeusi vilevile. Wakati mwingine usaha huwa na punje punje kwenye picha, lakini hakuna daktari makini anayetegemea hilo. Kinachotoa jibu ni kuvuta maji kwa sindano na kuyapeleka maabara: kuhesabu chembe nyeupe, kutafuta bakteria kwa darubini, kuwaotesha, na kuangalia fuwele. Hapa Afrika Kusini, ambako kifua kikuu bado ni kingi, inafaa kuuliza kama maji hayo yatapimwa na kifua kikuu. TB ya nyonga kwa kawaida huja polepole, kwa wiki na miezi, pamoja na kukonda na jasho la usiku, lakini siku mtu anaposhindwa kukanyaga yeye huisimulia kama jambo la ghafla.

Kuichoma nyonga bila kuona ni hatari, kwa kuwa mshipa mkubwa wa damu na neva vimepita jirani. Kwa ultrasaundi daktari anaiona sindano ikishuka, anaona mshipa uko wapi, na anafika kwenye maji. Mgonjwa anachomwa ganzi kwanza. Haipendezi, lakini ni ya dakika chache, na kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutaka ultrasaundi siku hiyohiyo: inafungua njia ya kupata jibu.

Sasa turudi kwa yule mwenzetu wa amoksilini. Ukimeza antibayotiki kabla maji hayajavutwa, zinaweza kupunguza bakteria kiasi kwamba maabara isiote kitu, huku wale waliobaki wakiendelea kula gegedu. Kidonge cha kumeza hakitibu usaha wa nyonga; unahitaji kuoshwa kiungo kwa upasuaji na dawa za mshipani. Kama umeshameza, usifiche. Taja jina la dawa, vidonge vingapi na saa ngapi. Vidonge vikali vya maumivu navyo hushusha homa, na daktari akikukuta huna homa anaweza kudhani hali ni nyepesi. Vitaje pia. Kuchua, acha kabisa mpaka ujue kilichomo.

Kuna jambo jingine wazazi wasingependa lijadiliwe mezani. Kwa vijana, kisonono ni mojawapo ya vyanzo vya bakteria kwenye viungo, hata pale ambapo mtu hana dalili huko chini. Daktari akikuuliza habari za mwenzi wako hakuvunjii heshima. Anatafuta bakteria.

Kile ambacho sauti haikifikii

Ultrasaundi ya nyonga ilianzia kwa watoto wachanga. Daktari wa Austria, Reinhard Graf, ndiye aliyeifanya ijulikane kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kutafuta nyonga zilizokaa vibaya tangu kuzaliwa. Kwa mtoto mchanga inafanya kazi vizuri mno kwa sababu kichwa cha fupa lake bado ni gegedu, na sauti inapenya. Kwa mtu mzima kichwa hicho kimekuwa mfupa, na sauti inagonga ukuta. Mpimaji anaona kilicho juu na mbele ya mfupa. Kilicho ndani ya mfupa hakioni.

Na mambo mawili yanayowapata vijana yako humohumo ndani.

La kwanza ni ufa wa shingo ya fupa la paja unaotokana na kukimbia kupita kiasi. Johannesburg ni mji wa wakimbiaji. Watu wanajiandaa kwa Soweto Marathon, wengine kwa Comrades, ile ya karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, na mwanafunzi aliyefika juzi anaingia kwenye kikundi na kuongeza kilomita kila wiki. Maumivu ya kinena huanza wakati wa kukimbia, yanatulia akipumzika, kisha siku moja hayatulii. Wasichana wanaokula kidogo na ambao hedhi zimepotea wako hatarini zaidi. Eksrei ya mwanzo inaweza isionyeshe ufa, na ultrasaundi pia. MRI ndiyo inayouona. Ukiendelea kukanyaga, ufa unaweza kukatika na kuachana, na hapo damu inayolisha kichwa cha fupa hukatika nao. Kama hii ndiyo hadithi yako, omba magongo siku hiyohiyo na usikanyage mpaka MRI ifanyike, hata kama ultrasaundi imesema hakuna kitu.

La pili ni kichwa cha fupa chenyewe kufa kwa kukosa damu. Mishipa inayokilisha ni michache na membamba. Ikiziba, mfupa hufa kimyakimya na baadaye hubonyea. Mwanzoni eksrei iko sawa. Ultrasaundi pengine inaonyesha maji kidogo, pengine haionyeshi lolote. Tena ni MRI.

Hapa nawaomba wasomaji wanaotoka Tanzania, Kongo, Uganda na magharibi mwa Kenya wasome taratibu. Mojawapo ya sababu kuu za kichwa cha nyonga kufa kwa kijana ni selimundu, wengine mnaiita sikoseli. Nyumbani kila muuguzi anaijua. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo kila mwaka, na Kongo ni zaidi. Lakini miongoni mwa Waafrika Kusini wenyewe ni ugonjwa adimu. Daktari kijana aliyesomea hapa anaweza kumaliza mafunzo yake akiwa amewaona wagonjwa wachache sana, nao wengi wao ni watoto wa wahamiaji. Hatakuuliza. Si kwa ubaya. Haimjii akilini, kama ambavyo daktari wa Mwanza hatakuuliza kama umeumwa na kupe wa Ulaya.

Kwa hiyo useme wewe, kabla hujaulizwa. Sema kama una selimundu, kama una dada au kaka mwenye nayo, kama utotoni ulikuwa ukilazwa kwa maumivu ya mifupa na kuongezewa damu. Anayebeba kinasaba kimoja tu kwa kawaida si mgonjwa, na asijitie hofu. Lakini wapo watu wazima wenye aina nyepesi za ugonjwa ambao hawajawahi kupimwa, na nyonga huwa ndiyo inayowatoa hadharani. Kipimo chake ni cha damu. Baridi kavu ya Julai na kutokunywa maji ya kutosha vinaweza kuchochea maumivu kwa mwenye ugonjwa huu, kwa hiyo yule wa tatu kule chumbani, aliyesema ni baridi, hakukosea kabisa. Kosa lake ni kusema itapita. Na mwenye selimundu anaweza kupata vyote viwili, mfupa kufa na mfupa kuingiliwa na bakteria, hasa wale wa jamii ya salmonela, kwa hiyo sindano ya kuvuta maji isirukwe kwa sababu tu jina la ugonjwa limejulikana.

Sababu nyingine ni dawa za steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni. Wapo waliozitumia kwa pumu au ugonjwa mwingine, kwa ushauri wa daktari, na hao wasiziache ghafla. Lakini tuambiane ukweli: katika miji yetu kuna vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwenye vifuko visivyo na jina, na baadhi yake ni deksamethasoni tupu. Dada aliyevimeza miezi kadhaa akiwa nyumbani ili apate mwili hatakumbuka kuvitaja akiwa kwenye foleni Johannesburg, maana kwake havikuwa dawa. Avitaje. Pombe nyingi ya muda mrefu imo kwenye orodha hiyo, na watu wanaoishi na VVU wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata tatizo hili kuliko wengine. Hiyo si sababu ya kuacha ARV. Ni sababu ya kutoficha.

Pale ambapo ultrasaundi inaleta nafuu

Isije ikaonekana kwamba naishusha hadhi mashine hii. Kuna kitu kinaitwa kano yenye chokaa: punje za kalisi zinajikusanya kwenye kano jirani na nyonga, na siku moja zinawaka. Maumivu yake hutisha kiasi kwamba mtu mzima analia, lakini si hatari. Ultrasaundi inaiona chokaa hiyo waziwazi, na sindano inayoongozwa nayo inaweza kuitibu. Inaona pia kifuko cha majimaji kilichovimba mbele ya nyonga na misuli iliyochanika. Tena inaona kano inayoruka na kulia "tak" unapoinua mguu, kwa sababu ni kipimo kinachoweza kufanywa ukiwa unatembea-tembeza mguu, jambo ambalo MRI haiwezi.

Na kinena kina majirani wengi. Ngiri iliyobanwa, kidole tumbo, mawe ya figo, korodani iliyojisokota, mimba iliyotunga nje ya kizazi: vyote hivi vinaweza kumleta mtu akisema nyonga inamuuma. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kipimo cha mimba kifanyike hata kama ana uhakika. Kwa kijana wa kiume anayeumwa korodani, ni suala la saa.

Kuifikia, katika mji huu

Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha 27, inasema hakuna anayeweza kukataliwa matibabu ya dharura. Haikuandika raia, iliandika hakuna mtu. Kushindwa ghafla kukanyaga mguu huku una homa ni dharura, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuisema pale mapokezi, kwa maneno hayohayo. Karatasi ya hifadhi au pasipoti ibebe kama unayo, lakini kutokuwa nayo kusikufungie ndani. Tunajua yaliyotokea mwaka 2025, watu kusimama kwenye malango ya kliniki wakidai vitambulisho. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu mjini Johannesburg ililipiga marufuku kundi la Operation Dudula kufanya hivyo. Hukumu haiondoi woga wote. Ndiyo maana ni vizuri usiende peke yako.

Kliniki ya mtaa ni sawa kwa maumivu ya wastani, itakupa rufaa. Lakini mwenye homa, mwenye selimundu, au asiyeweza kukanyaga kabisa asipoteze siku huko. Hospitali kubwa za umma zenye idara za dharura na wataalamu wa mifupa ni kama Charlotte Maxeke pale Parktown, karibu na wanafunzi wa Wits, Helen Joseph upande wa Auckland Park, na Chris Hani Baragwanath kule Soweto. Gari la wagonjwa la serikali ni 10177. Kwa simu ya mkononi 112 nayo inafanya kazi. Foleni ni ndefu, na gharama huhesabiwa kufuatana na kipato na hadhi yako ya ukaazi, lakini bili huja baada ya kutibiwa dharura.

Wanafunzi wa kigeni mna bima, kwani bila hiyo viza haitoki. Isomeni leo, nyonga ikiwa nzima: inalipia picha za nje ya hospitali? Inataka idhini kabla ya MRI? Ni swali baya kuliuliza Jumapili saa kumi alfajiri.

Kuna kikwazo kimoja kidogo cha lugha. Sisi tunasema "kiuno" kwa mgongo wa chini, kwa mfupa wa pembeni, na wengine hata kwa nyonga yenyewe. "Mguu" ni kuanzia pajani hadi unyayoni. Ukimtafsiria daktari hivyohivyo kwa Kiingereza atakuandikia maumivu ya mgongo, na ultrasaundi itakwenda mahali pengine. Usitafsiri. Tumia kidole kimoja na uoneshe: kwenye kunjo la kinena, pembeni ya paja, au nyuma ya tako. Maumivu ya kiungo chenyewe mara nyingi hukaa kwenye kinena. Na kama muuguzi aliye mbele yako anazungumza Kizulu au Kixhosa, basi una bahati: kwao inaitwa inyonga.